Proton Mail kwa mtu asiyejua kompyuta: barua zilihama usiku mmoja, anwani bado

Shangazi yangu hakuwahi kuwa na ugomvi na Gmail. Kilichomfanya akubali kuhama ni swali lake mwenyewe, siku niliyokuwa nikimwonyesha kwamba GB 15 anazopewa bure na Google hutumiwa kwa pamoja na barua, picha na faili zake zote. Alivua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, kumbe barua zangu zote hizi zimepanga kwa mtu?" Tulianza kazi wiki hiyo hiyo, na tathmini hii ni ya huduma ya barua pepe tuliyoichagua, yaani Proton Mail, nikiipima kwa macho ya mtumiaji kama yeye, ambaye hana haja ya kujua seva ni nini.

Proton ilianzishwa mwaka 2014 huko Geneva, Uswisi, na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia. Mapato yake yanatokana na ada za wateja, si matangazo, na tangu mwaka 2024 mwanahisa wake mkuu ni taasisi isiyotafuta faida. Shangazi alilisikiliza hili la matangazo kwa makini kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo lililojibu swali lake la nani anamlipia pango.

Sehemu niliyoiogopa ndiyo iliyokuwa nyepesi. Ndani ya mipangilio kuna kifaa kiitwacho Easy Switch, ambacho huomba ruhusa ya kuingia kwenye akaunti ya zamani, kisha hunakili barua, kalenda na orodha ya majina na anwani bila mtu kupakua chochote. Barua za awali hubaki zilipokuwa, jambo lililomtuliza sana Shangazi, na mtu anaweza pia kuagiza kwamba kila barua mpya inayofika Gmail iletwe moja kwa moja kwenye kikasha kipya. Tuliianzisha kazi hiyo jioni, na asubuhi barua zilikuwa zimeshaingia. Tatizo ni ukubwa wa chumba. Akaunti ya bure ya Proton ina nafasi ya barua isiyozidi GB 1, kwa hiyo anayetoka kwenye GB 15 hana budi kulipia au kuchagua cha kubeba. Sisi tulichagua barua za mwaka mmoja wa mwisho, tukaziacha picha zikae zilipo kwa sasa, na sioni aibu kusema hivyo, kwa maana anayetaka kuhamisha kila kitu siku moja huishia kutohama kabisa.

Ugumu wenyewe uko kwenye nywila. Proton huhifadhi barua zikiwa zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea nywila ya mtumiaji, na kampuni yenyewe haina nakala ya ufunguo huo. Maana yake ni kwamba aliyesahau nywila anaweza kurudishiwa akaunti, lakini kama hakuandaa njia ya kurejesha data, barua zake za zamani zitabaki zimefungwa. Kinga yake ni kirai cha maneno 12 ya Kiingereza kinachotolewa na mfumo. Tulitumia karibu saa nzima kwenye maneno hayo: Shangazi aliyaandika kwa herufi kubwa kwenye daftari, nikamwomba anisomee, tukagundua kwamba neno la nane lilikuwa limepungua herufi moja, akaliandika upya na kulichorea mstari. Kisha akaniuliza hiyo nywila yenyewe ni neno lipi kati ya yale 12. Swali hilo linaeleza vizuri kuliko mimi kwa nini huduma hii haifai kukabidhiwa mzee kwa kumtumia kiungo tu na kumtakia heri. Lazima mtu akae naye, tena kwa subira.

Inafaa pia asiahidiwe yasiyokuwepo. Barua kati ya watumiaji wawili wa Proton husimbwa, yaani hugeuzwa mafumbo yasiyosomeka na mwingine, tangu inapotoka hadi inapofika, ila barua anayomwandikia mtu wa Gmail kwa njia ya kawaida itakaa Google upande wa mpokeaji, na kichwa cha barua hakimo katika ulinzi huo wa mwisho hadi mwisho. Mwaka 2021, kwa amri ya kisheria ya Uswisi, Proton ilirekodi na kukabidhi anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha mtu anaingilia mtandao kutoka wapi, ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa, ingawa maudhui ya barua hayakutolewa. Nilimweleza Shangazi hivi: mwenye nyumba mpya hasomi barua zako, lakini askari akija na hati atamfungulia lango.

Kwa matumizi ya kila siku sina malalamiko ya maana. Programu ya simu inafanana vya kutosha na ile aliyoizoea, na ndani ya siku tatu aliacha kuniuliza kitufe cha kujibu kiko wapi. Ningeipendekeza kwa mtu yeyote mwenye ndugu wa kumshika mkono kwa jioni mbili hivi, na nisingeipendekeza kwa anayetumia nywila moja iliyoandikwa nyuma ya simu.

Akaunti ya zamani hatujaifunga. Kila barua inayopitia huko humwonyesha nani bado hajapewa anwani mpya, naye huandika jina hilo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake na kulikata akishamaliza. Yamebaki majina manne. La juu kabisa ni la kampuni ya bima, ambayo inamtaka afike mwenyewe na kitambulisho ndipo wambadilishie anwani ya barua pepe.