Glenfarclas 15: ipe nusu saa kwanza

Siku ya kwanza niliitukana bure wiski hii ya Uskoti. Nilikuwa nimetoka kupiga mswaki, mdomo umejaa mnanaa, na nilichosikia kwenye ulimi ni uchungu na moto. Nikarudisha kizibo, nikaiacha siku nne. Haya ninayoyaandika ni ya wiki sita zilizofuata: toti moja kila Ijumaa, daftari pembeni, mpaka sasa chupa imeshuka chini ya nusu.

Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, yenye wekundu kwa mbali. Yote imetoka kwenye mbao za pipa. Sheria ya Uskoti inaruhusu kutia karameli ili wiski ipate rangi, ila hawa hawatii. Hilo nalijali, kwa kuwa nimeshawahi kununua wiski nyeusi tii ambayo ladha yake haikuzidi maji ya bomba.

Ukiinusa mara tu baada ya kumimina, kileo kinakupiga puani. Asilimia 46 si mchezo. Subiri. Dakika ya kumi zinakuja zabibu kavu. Ya ishirini, maganda ya chungwa na jozi. Ikifika nusu saa nasikia harufu ya sanduku la mbao lililokaa miaka bila kufunguliwa, na hapo ndipo ninapoipenda hasa. Wiki ya kwanza kulikuwa pia na harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, jambo la kawaida kwa wiski zilizokaa kwenye mapipa ya sheri, ile divai kali ya Hispania. Chupa ilipopata hewa ikapotea yenyewe.

Mapipa hayo ni ya oloroso, aina ya sheri, kutoka Hispania. Wiski nyingi za aina hii hunichosha kwa utamu wa jamu. Hii haina jamu. Ni kavu, ya jozi na karafuu, na utamu wake unakuja nyuma, taratibu. Halafu ni nzito: inaupaka ulimi na kukaa. Mimi nashuku moto. Viwanda vingi vya Uskoti siku hizi hupasha vyungu vyao vya shaba vya kukenekea wiski kwa mvuke. Glenfarclas, chini ya mlima Ben Rinnes, bado wanawasha moto chini ya chungu chenyewe. Waliwahi kujaribu mvuke, kilichotoka hakikuwaridhisha, wakarudi kwenye moto. Ukaidi wa namna hiyo labda ni wa kifamilia: ukoo wa Grant umekishikilia kiwanda tangu 1865, walipokinunua kwa pauni 511 na shilingi 19. (Si wale Grant wa Glenfiddich, wiski nyingine ya Uskoti. Nami niliwachanganya kwa miaka.)

Maji? Matone matatu, kwa ncha ya kijiko. Ukali kama wa tangawizi unalegea, asali inajitokeza. Ijumaa ya tatu mkono uliteleza, nikatia nusu kijiko cha chai, ikabaki kinywaji cha mgonjwa. Barafu sikujaribu na sitajaribu.

Kasoro ninayo moja. Mwishoni, ladha ya zabibu ikishaondoka, unabaki uchungu wa mbao, kama chai iliyosahaulika jikoni na majani yake. Watakaoupenda wapo. Mimi nauvumilia.

Wanaouliza kama waongeze hela kutoka Glenfarclas ya miaka 12, jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa sababu ya umri. Namba 15 inakuambia tu kwamba wiski changa kuliko zote humo imekaa kwenye pipa angalau miaka 15. Haikuambii lilikuwa pipa zuri. Unachokilipia zaidi ni zile asilimia 46. Ya miaka 12 ina 43, ni ya kirafiki, ila ikifika katikati ya ulimi inakonda. Ile wanayoiita 105 ina asilimia 60, na sina nguvu za kupigana na glasi kila Ijumaa. Hii ya 15 imekaa mahali pake.

Nimeipa 8 kwa 10. Mbili zimekwenda na ule uchungu wa mwisho. Iliyobaki nimeihamishia kwenye chupa ndogo na kuijaza mpaka shingoni, maana hewa ile ile iliyoondoa kiberiti, ikizidi, itaondoa na chungwa.