Kumpata mtaalamu wa fiziotherapia katika jiji kubwa: uzoefu wangu

Katika jiji kubwa wataalamu wa fiziotherapia hawakosekani. Kinachosumbua ni kwamba wako wengi, na mabango yao yote yanaahidi jambo lilelile. Mimi nilikuwa natafuta tiba ya bega la kushoto, ambalo lilikuwa limekaza kiasi kwamba sikuweza kuvaa shati bila kusaidiwa, na hadi sasa nimetibiwa katika vituo viwili visivyofanana hata kidogo.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, safi na chenye mashine nyingi. Kila nilipokwenda nilipokewa na mhudumu mwingine, ambaye alipitia faili langu akiwa amesimama, akaniwekea taulo la moto, akanibandika vibandiko vya mashine ya umeme na kuniacha nyuma ya pazia hadi kengele ilipolia. Maumivu yalipungua, sikatai, lakini yalirudi kabla sijafika nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyepima mkono wangu unafika wapi. Isitoshe, kituo kilikuwa upande wa pili wa jiji, na safari ya kusimama kwenye basi lililojaa haimfai mwenye bega bovu.

Cha pili ni kidogo, kiko karibu, na mtaalamu ni yuleyule kila mara. Siku ya kwanza hakugusa mashine yoyote. Aliniuliza maumivu yalianza vipi, kama yananiamsha usiku, na kama nimewahi kupima sukari, kwa sababu bega la namna hii huwapata zaidi wenye kisukari na watu wa kati ya miaka 40 na 60. Kisha akanibana kiwiko ubavuni na kuniambia nigeuze kigasha kuelekea nje, kikakwama. Akaniomba nilegeze mkono, akajaribu kukigeuza yeye mwenyewe, kikakwama palepale. Alinieleza kwamba kama tatizo lingekuwa msuli uliochanika, mkono ungeshindwa kwa nguvu zangu lakini kwa kawaida ungekwenda kwa nguvu zake, na kwamba kwa hiyo alishuku utando unaozunguka kiungo umekuwa mnene na kusinyaa. Akapima kwa kifaa cha plastiki chenye mikono miwili mithili ya bikari, akasoma nyuzi na kuziandika. Vipimo hivyo huvirudia, kwa hiyo maendeleo yangu nayaona kwa tarakimu.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida: kuinama na kuuachia mkono ubembee, kisha kuusukuma nje kwa fimbo inayoshikwa na mkono wa kulia usiouma. Tofauti ni kwamba hunitaka niyafanye mbele yake, na nikianza kulipandisha bega kuelekea sikioni ili nionekane nimefika juu, hulishusha kwa kiganja na kuniamuru nianze upya. Aliniambia waziwazi kwamba bega kama hili huweza kuchukua mwaka au zaidi kulegea, jambo ambalo mabango hayalitaji.

Dosari zipo. Miadi huchelewa mno, simu haipokelewi mchana, na viti vya kusubiria havina mahali pa kuegemeza mkono, kasoro ya ajabu kwa kituo cha tiba ya viungo. Anayetoka kazini jioni pia atapata shida, kwa kuwa nafasi za saa hizo huwahiwa mapema. Hata hivyo bado ninakwenda, tena sasa kwa nadra, maana ni yeye mwenyewe aliyenipunguzia miadi mara tu nilipoweza kuyafanya mazoezi sawasawa nyumbani.