Mtoto mwepesi wa kuelewa katika shule ya mchepuo wa Kiingereza Njiro, Arusha: uzoefu wangu baada ya miaka miwili

Walimu wanajituma, chakula kizuri, vyoo safi. Lakini kwa mtoto anayeingia darasa la kwanza tayari anasoma na kuhesabu hadi mia, shule hii naipa alama tatu kwa tano, na sababu iko kwenye daftari la hesabu.

Ukurasa mmoja una maswali 20: 34 + 25, 42 + 16, yote ya aina hiyo, yote yana vema. Mtoto akimaliza kwa dakika kumi anapewa "kazi ya ziada", yaani mengine 20 yaleyale. Hapo ndipo mtoto mwelewa anapoanza kuchora pembeni mwa daftari na kuitwa mtundu. Swali la kumfaa lingekuwa: tafuta namba mbili zenye jumla ya 59 na tofauti ya 9. Jibu ni 34 na 25 zilezile, ila safari hii lazima afikiri.

Kwa hiyo ukienda kukagua shule, usiishie kwenye matokeo ya NECTA ya darasa la nne na la saba. Shule inayochuja kwa usaili mkali itapata A hata kama ufundishaji ni wa kawaida. Omba madaftari matatu ya darasa moja: la mtoto wa juu, wa kati na wa chini. Maswali yakiwa yaleyale kwa wote watatu, darasa zima linakwenda mwendo mmoja.

Kurusha darasa sikushauri haraka. Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba, hivyo aliyeanza na miaka 6 anafika kidato cha kwanza na 12. Akirushwa ana 11, na huenda akapelekwa bweni na umri huo.

Kilichomsaidia mtoto wangu ni kupandishwa somo moja tu: hesabu anasoma na darasa la tatu, mengine anabaki na wenzake wa la pili. Mwalimu wa taaluma alikubali bila shida, nampongeza kwa hilo. Kasoro ilikuwa ratiba: Jumanne na Alhamisi hesabu za la tatu ziligongana na Kiswahili cha la pili, na insha zikaanza kudorora. Ombi hilo lipelekeni Novemba, kabla ratiba ya Januari haijapangwa.

Anayefikiria shule ya UWC East Africa, Moshi, yenye mtaala wa kimataifa wa IB, ajue mwaka wao unaanza Agosti. Mtoto anayetoka shule ya Januari hatui mwanzoni mwa darasa, ataruka nusu mwaka au ataurudia.

Na kwa mnaokaa Sakina: muulizeni dereva wa basi, siyo ofisi, saa ya kumchukua mtoto. Ofisini tuliambiwa saa 12 asubuhi. Basi linapiga honi saa 11 na robo.