Nilimpa mpambaji wa maharusi kazi ya kumpamba Kaizari, haya ndo yaliyonikuta

Habari zenu wadau, naandika hii kwa sababu watu kama watatu wameshaniuliza zile sura za igizo letu alizifanya nani na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Sisi ni kikundi kidogo tu cha maigizo hapa Dodoma, tulikuwa tunaigiza Juliasi Kaizari, ule mchezo wa Shakespeare kuhusu mtawala wa Roma anayeuawa na wenzake, kwa ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, sio yote lakini, tulichukua vipande ambavyo wanafunzi wa sekondari wanavielewa haraka, yaani mauaji, hotuba za msibani na mzuka wa Kaizari. Mara ya mwisho tulivyojaribu kitu kama hiki tulienda saluni moja mjini, jina naliacha, wakatupaka wote sawasawa kama tunaenda kichenpati, wauaji wa Kaizari wenyewe, Brutus kope za bandia, Cassius kope za bandia, mtu anakuja kuua huku mashavu yanang'aa. Watu walicheka kuanzia pazia linafunguliwa.

Safari hii nikaelekezwa kwa dada mmoja wa Nkuhungu, yeye kazi yake ni maharusi na sendofu. Kilichonishangaza hakuanza na bei, aliniuliza kitabu kiko wapi. Nikampa nakala yangu iliyochakaa akakaa nayo siku nne, aliporudi ana kauntabuku limejaa michoro, kila mhusika na ukurasa wake, pembeni kaandika vitu kama "huyu halali usiku" au "huyu anajua mumewe hamsikilizi". Nikasema huyu ndo mwenyewe.

Chukulia Cassius. Kaizari anamlalamikia kabisa kwamba jamaa amekonda na ana sura ya njaa, kwa hiyo dada akasema huyu simpendezeshi, huyu namchimba mashavu. Sasa kijana wetu anayeigiza Cassius ana mashavu ya maana, anakula vizuri kwao. Dada hakugusa nyeusi wala kijivu, alichukua kahawia iliyokoza akaichanganya na zambarau kidogo, akaniambia shem, ngozi zetu hizi ukizipaka kijivu hupati mgonjwa, unapata mtu ambaye hajapaka mafuta. Akaivuta ile rangi chini ya mfupa wa shavu, akaweka kidogo kwenye kona za macho na pembeni ya paji, alafu akamwambia asimame jukwaani taa zikiwa zimewashwa na yeye mwenyewe akatembea mpaka benchi la mwisho kabisa ukumbini, akaangalia, akarudi akaongeza. Alifanya hivyo kama mara tatu. Kwa karibu yule kijana alikuwa anatisha kama kapigwa, ila ukikaa nyuma unaona tu mtu mwembamba mwenye roho mbaya. Taa za jukwaani zinakula sura, hilo sikulijua.

Ila nywele za Calpurnia, mke wa Kaizari, ndo kisa chenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaazima wigi refu la mawimbi nikidhani Mroma ni nywele ndefu basi. Dada akalikataa. Akanionyesha kwenye simu picha za sanamu za Octavia, dada yake yule Octavius wa kwenye igizo, mrithi wa Kaizari, nywele za mbele zimekunjwa zikakaa juu ya paji kama andazi, nyuma kifundo kidogo. Alafu akanionyesha video za msusi mmoja wa Baltimore kule Marekani, anaitwa Janet Stephens, huyu mama ni msusi kabisa wa saluni, sio profesa, na mwaka 2008 aliandika kwenye jarida la wanaakiolojia kwamba mitindo ile ya Waroma ambayo watu walikuwa wanadhani ni mawigi, kumbe inawezekana kwa nywele za mtu mwenyewe maana ilikuwa inashonwa kwa sindano na uzi. Dada wa watu alicheka sana, akasema kumbe wivingi! Yaani wasomi walikuwa wanaumiza kichwa na kitu ambacho binti yeyote aliyeshika sindano ya kushonea nywele pale Majengo angewaambia.

Basi akamkalisha Calpurnia wetu kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamsuka twende kilioni kichwa kizima ndo iwe msingi, juu yake akashona nywele, za mbele akazikunja zikawa lile andazi na kulifunga kwa uzi ule ule mweusi, hakuna kibanio hata kimoja kinachoonekana. Saa mbili na nusu. Na sisi tuliokuwa tunaangalia tukabaki tunacheka kwamba mwanamke huyu kesho anakuwa mjane na chini ya nywele ana twende kilioni, ameshajiandaa.

Sasa mabaya, maana sitaki mseme nimelipwa.

Kaizari. Waandishi wa kale wanasema alikuwa na upara unaomkera mpaka anachana nywele za nyuma kuja mbele, na lile taji la majani alilipenda kwa sababu linaficha. Dada alitaka kijana anyolewe utosi kweli, kijana akakataa, ana kazi ya ofisini, namuelewa. Ikabidi atumie ile kofia ya mpira ya upara. Nyingi ya hizi kofia zinakuja na rangi ya Mzungu, kwa hiyo kaipaka kahawia, ikapendeza, tatizo kingo alizibandika kwa gundi ya wigi na hakuijaribu kwenye joto. Ukumbi wetu ni bati tupu, Septemba ya Dodoma mnaijua, nje upepo na vumbi, ndani tanuri. Jasho lilipoanza kofia ikanyanyuka kwenye sikio la kushoto, na Kaizari alipogeuka kumwambia Brutus maneno yake ya mwisho ikapeperuka kama kifuniko cha sufuria. Mtoto mmoja wa mbele akapiga kelele "anafunguka!" Hapo kosa ni la dada na mwenyewe alikubali, alinirudishia elfu thelathini bila kugombana.

La pili ni damu. Alipika mwenyewe kwa sharubati ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isiwe pinki, na ilikuwa nzuri mno, inatiririka taratibu kama yenyewe. Aliniuliza achore majeraha mangapi, tukaanza kubishana maana historia inasema 23 na Shakespeare kaandika 33, mwisho akachora saba yanayoonekana, mengine tukawaachia watazamaji wayahesabu kichwani. Ila hakuna aliyetuambia ile rangi haitoki kirahisi kwenye pamba. Mashuka meupe tuliyoazima ya kuvaa kama Waroma yakarudi na madoa, mama mwenye mashuka ametununia mpaka leo. Mjue hilo mapema, tumieni mashuka yenu.

Mzuka sasa, pale Kaizari anapomtokea Brutus usiku hemani, hapo alitulipa kila kitu. Hakumpaka poda nyeupe uso mzima kama nilivyotegemea. Aliacha ngozi yake, akaweka bluu iliyochuja kwenye midomo na kucha na kuzunguka macho tu, kofia ya upara ikawa imeshatupwa, kichwa kikafunikwa kwa shuka. Ukumbi ulinyamaza nikasikia bati linavyolia kwa upepo.

Bei, kwa wahusika saba tulilipa laki mbili na themanini, nusu mnatoa mwanzo, na nauli yake ya bajaji juu yenu. Alichelewa saa moja na robo siku ya shoo, kwa hiyo mwambieni muda wa uongo. Na mpeni kitabu mapema, ukimpeleka tu na majina anakasirika, mimi nilimuona akimrudisha mteja aliyekuja kusema "nataka tu awe kama malkia", akamuuliza malkia yupi, wa wapi, analala saa ngapi.

Nampa nne kwa tano, ile moja imekwenda na kofia.

Calpurnia alikataa kufumuliwa. Tulimwambia zile nywele ni za igizo akasema kamlipeni dada tena, Jumapili akaenda nazo kanisani na andazi lake mbele.