Uzoefu wangu: iPhone 12 ya mtumba, Tecno, na hela ya klaudi, nikiwa Dodoma

Kabla sijaanza niseme tu mimi siyo mtu wa simu, mimi ni msimamizi wa saiti. Kuna watu wanakaa Dar, Mwanza, wengine nje huko, wamenunua kiwanja Iyumbu au Nala hapa Dodoma wanajenga na hawawezi kuja kila wiki, basi mimi ndo macho yao, napiga picha asubuhi, napiga jioni, napiga kabla zege halijamwagwa, natuma. Kwa mwezi picha elfu moja zinafika na video juu. Kwa hiyo nikilinganisha simu mimi siangalii gemu wala filta za sura, naangalia kama picha ya nondo niliyopiga mwezi wa tatu nitaipata mwezi wa tisa au ndo basi tena.

Na nimezunguka sana jamani. Nilianza na Nokia Lumia 520, zile za Windows Phone, simu nyepesi inakaa mkononi vizuri ila kila app anayokuonyesha mwenzio wewe ukitafuta haipo. Klaudi yake, yaani ghala la mtandaoni la kuwekea picha na mafaili, ilikuwa OneDrive, GB 15 za bure na 15 nyingine za picha za kamera, nikaona hapa nimefika, 2016 hao hao wakazishusha mpaka 5. Baadaye simu zenyewe zikawa zinakufa taratibu mpaka tarehe 31 Disemba 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwenye Windows Phone zote, shangazi yangu wa Kondoa niliyemwachia ile yangu akaiweka kabatini na sidhani kama imetoka.

Nikaenda Tecno, na huko Google Photos ilikuwa raha, unapakia bila kikomo, bure, hadi tarehe 1 Juni 2021 ambapo picha mpya zikaanza kuhesabiwa kwenye zile GB 15 za bure za akaunti ya Google ambazo ndo hizo hizo za barua pepe na za Drive. Halafu 2024 bekapu ya WhatsApp kwenye Android nayo ikaanza kuhesabiwa humo humo, zamani ilikuwa haihesabiwi. Kwa hiyo mtu akikuambia klaudi ni ya bure muulize ya bure mpaka lini.

Sasa iPhone. Sikuinunua kwa mashauzi, ni kamera. Saiti zetu kazi nyingi inaisha saa kumi na mbili jioni giza linaingia na Tecno yangu ikawa inatoa picha za ukungu. Nikaingia mjini kutafuta, nikaonyeshwa iPhone 14 safi, bei inavutia kuliko kawaida, naigeuza pembeni natafuta pa kuchomeka laini sipaoni. Namuuliza muuzaji, kaka laini inaingilia wapi? Ananiambia bosi hiyo ni ya Marekani, inatumia eSIM tu, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Aisee. iPhone za soko la Marekani kuanzia 14 ya 2022 hazina kabisa sehemu ya kadi ya plastiki. Mimi nina laini mbili, ya kazi na ya kupokelea hela za vibarua, sikutaka kuanza kuhangaika, nikarudi nyuma nikachukua iPhone 12 ya GB 64 kwa laki sita na nusu, inakula laini moja ya kawaida na ya pili unaifanya eSIM. Nilihakikisha pia mwenye nayo ametoka kwenye akaunti yake ya Apple mbele ya macho yangu, hilo usilikubali kwa ahadi, ukiondoka nayo imefungwa umenunua kioo cha kujitazamia.

Vitu nilivyovikosa siku ya kwanza tu. Memori kadi hakuna, na haijawahi kuwepo kwenye iPhone yoyote. Redio FM hakuna, na mimi saiti nilizoea kuchomeka waya wa spika za masikioni ndo antena yenyewe, nasikiliza taarifa ya habari ya saa saba bila kuchoma bando. Betri, Tecno yangu ni mAh 5000 na hii ni 2815, saa nane mchana naanza kutafuta soketi na kwenye msingi hakuna soketi. Chaji yenyewe ni ya kidude chao cha Lightning, kuazima kwa fundi haiwezekani kwa sababu mafundi wote wana Type-C, iPhone wameingia Type-C kwenye 15 mwaka 2023. Kurekodi simu Tecno nilikuwa narekodi tangu zamani, iPhone wameleta na iOS 18.1 mwishoni mwa 2024 na ukibonyeza inamtangazia kabisa mnayeongea naye kwamba mnarekodiwa, mzee akisikia hiyo sauti anakata. Hawa jamaa ndo walivyo, iPhone ya kwanza ilitoka 2007 huwezi hata kukopi na kupesti mpaka 2009, widget za kwenye skrini ya mbele 2020. Wanakuja wamechelewa ila wakija kitu kinafanya kazi, hapo niwape haki yao. Na FaceTime na iMessage wanazosifia sana mimi sijatumia hata mara moja, nimpigie nani, wateja wote wako WhatsApp.

Kamera lakini, kamera haina mjadala. Saa moja kasoro jioni nasoma namba za futi ya kupimia kwenye picha.

Shida ikaja kwenye mafaili. Nimeenda stationari moja hapa mjini kuprinti picha za ripoti, nimeziweka kwenye flashi, yule dada anafungua kompyuta haizioni, anasema kaka faili zako zimekufa. Hazijafa, iPhone inahifadhi picha kwa mfumo wa HEIC ambao unapunguza ukubwa, kompyuta nyingi za stationari hazijui hiyo ni nini. Dawa yake nenda Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, zinatoka JPEG za kawaida. Nikafurahi, ila baada ya wiki mbili bando linaisha siku ya tatu, nakuna kichwa, kumbe ukichagua hiyo na video nazo zinanenepa, dakika moja ya 1080p inatoka karibu MB 60 kwenda MB 130, simu yenyewe inakuandikia hapo kwenye Record Video ila nani anasoma. Sasa hivi nimeirudisha ilivyokuwa na za kuprinti nazibadilisha kwanza ziwe JPEG halafu najitumia WhatsApp kama document. Ni kazi mbili lakini bando linapumua.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe.

Apple wanakupa GB 5 za bure. Tano, tangu iCloud imeanza 2011 ni tano. Bekapu ya WhatsApp peke yake kwangu ilizimaliza. Nikalipia GB 50, dola 0.99 kwa mwezi, nikawasha iCloud Photos, picha zikaanza kupanda usiku nikiwa nimelala, nikajisemea mambo si ndo haya. Mwezi wa nne simu ikajaa, GB 64 ni ndogo jamani msidanganyike. Sasa kule Android kwenye Google Photos kuna kitu kinaitwa Free up space, unabonyeza, zinafutika za kwenye simu zinabaki za juu. Mimi kichwani nikajua ni hivyo hivyo huku. Nikakaa pale Nyerere Square nasubiri mtu, nikachagua picha za nyumba iliyokwisha, mia saba na kitu, futa. Ikaniletea maneno kwamba zitafutwa kwenye vifaa vyako vyote, nikaona ni yale maneno ya kila siku, nikabonyeza. Halafu nikaona nafasi haijaongezeka, nikaambiwa zimeenda kwenye Recently Deleted zinakaa siku 30, nikaingia na huko nikafagia. Kwa mkono wangu mwenyewe!

Kumbe iCloud Photos siyo kihenge unachoweka mahindi ukaondoka. Wenyewe wanaita kusinki, na siyo sinki la kuoshea vyombo, maana yake kilichopo kwenye simu ndo kilichopo juu, ukifuta huku na kule kimefutika. Nilitakiwa kuwasha Optimize iPhone Storage tu, inaacha kapicha kadogo kwenye simu na ile kubwa inakaa juu, kwisha kazi.

Sikujua mpaka wiki ya sita baadaye. Mzee mwenye hiyo nyumba ananipigia kutoka Dar.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka kupandisha ghorofa, injinia anauliza zile nguzo zina nondo ngapi na ringi, vile vyuma vya kuzungushia nondo, zimeachana kiasi gani. Nitumie zile picha."

Nikamwambia dakika tano tu mzee. Nimefungua simu, albamu tupu. Nimefungua iCloud kwenye kompyuta ya rafiki, tupu. Nimebaki nimeshika kiuno. Zile picha nilizipiga nimelaza futi pembeni ya ringi makusudi ili namba zionekane. Nikakumbuka fundi nondo nilimrushia WhatsApp, nikamfuata Nkuhungu usiku, anazo kumi na moja, zimeshaminywa na WhatsApp, nondo nne unaziona vizuri ila futi imekuwa mstari wa njano hauna namba hata moja. Injinia akazikataa. Ikabidi tufukue zege nguzo mbili kwa tindo mpaka chuma kionekane, tukapima mbele yake, ringi zimeachana sentimita 15, tukaziba. Gharama ya kufukua na kuziba nililipa mimi, mzee hakusema kitu, ila tangu siku hiyo kila picha nikituma anajibu "imehifadhiwa?"

Kosa ni langu na si la simu, nakubali, ila nalalamika hivi: majina yanafanana, picha zinafanana, kitufe cha kufuta kinafanana, tabia tofauti kabisa. Mtu anayehama Android kwenda iPhone anahama na mazoea yake.

Kuhusu bei, kwa Marekani iCloud GB 200 ni dola 2.99 na TB 2 ni dola 9.99, Google wao GB 100 dola 1.99 na TB 2 nao dola 9.99. Kwa mtu wa picha chache ile GB 50 ya Apple ndo nafuu kuliko zote, kwa mimi haitoshi. Kuna kitu watu wengi hawakitumii, unaweza kugawana na wenzako watano, mimi niko na mke wangu na dada yangu wa Singida kwenye GB 200, kila mtu haoni picha za mwenzake, na dada ananitumia mchango wake bila kukumbushwa, siwezi kusema hivyo kwa mke wangu.

Kulipa ndo mtihani. Kadi ya benki ilikataa, sikupewa sababu ya kueleweka, nikahamia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye mobile money. Inafanya kazi ila lazima salio liwepo siku ile ile. Kuna mwezi nilisahau, hela ikakosekana, kifurushi kikarudi GB 5 na picha zikaacha kupanda kimya kimya. Zaidi ya wiki mbili za saiti ya Nala hazikupanda na mimi natembea kifua mbele. Mtu wa bando la mkopo na kibarua cha siku, malipo ya kukatwa kila mwezi hayajatengenezwa kwa ajili yake, hiyo ndo naona kasoro kubwa kuliko kukosa redio.

Na ukitaka kuhama ujue WhatsApp ya Android inaweka bekapu Google, ya iPhone inaweka iCloud, hazisomani. Kuna app ya Move to iOS inahamisha mpaka na WhatsApp tangu 2022 lakini iPhone iwe mpya au imefutwa kila kitu, mimi nilishaanza kuitumia ndo nikasoma hayo, kwa hiyo chati za miaka mitatu ziko kwenye Tecno mpaka leo. Picha afadhali, Apple wenyewe kwenye privacy.apple.com wana sehemu ya kuomba nakala ipelekwe Google Photos, wanasema siku tatu hadi saba, za kwako zinabaki pale pale, ila uwe na nafasi ya kutosha upande wa Google.

Nilipofikia sasa, iPhone ni ya kupigia picha, iCloud GB 200 ipo ila siiamini peke yake. Kila Jumapili jioni nachomeka kwenye laptop, nakopi picha za wiki, zinaenda kwenye hadidisiki na nyingine kwenye memori kadi ya GB 128 iliyoko ndani ya Tecno ile ile ya zamani, folda kwa jina la kiwanja na tarehe. Tecno haina hata bando, imekaa kwenye droo, nikiwa na kazi ya kuandika ripoti naitoa nawasha na redio.

Makato yajayo ni tarehe 14, buku kumi nimeshaiweka kwenye kadi na alamu nimeseti kwenye simu zote mbili.