Audio-Technica AT-LP60X na resiva ya zamani: kabla hujairudisha dukani angalia nyuma

Wadau wa santuri niseme mapema, hii playa ni nzuri na kwa anayeanza naipendekeza kabisa, ni otomatiki, unabonyeza START mkono unakwenda wenyewe, wimbo ukiisha unarudi wenyewe. Ila inaonewa sana. Mtu anakwambia sauti haitoki, mwingine inakwaruza, mwingine inavuma, ukienda kumwangalizia playa haina neno, tatizo liko kule inakoungana na resiva, yaani ile ampu yenye redio inayoendesha spika.

Anza na kaswichi ka nyuma, PHONO na LINE. Ikiwa PHONO, kinachotoka ni umeme mdogo mno wa katriji, kale kakichwa kanakoshika sindano, kama milivolti 2.5, ikiwa LINE kuna priampu humohumo ndani inaupandisha mpaka kama 150. Na hiyo priampu ina kazi nyingine, maana santuri inapotengenezwa besi inapunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi, na treble inaongezwa ili makwaruzo yasisikike sana, huo ndo utaratibu wa RIAA, chama cha kampuni za muziki Marekani, uliopo tangu 1954, sasa wakati wa kupiga lazima kitu kirudishe besi na treble mahali pake. Ndo maana ukiweka PHONO halafu ukachomeka kwenye AUX unapandisha volyumu mpaka mwisho na bado unasikia kwa mbali, kasauti kembamba kama redio ya jirani. Ukiweka LINE ukachomeka kwenye tundu la PHONO la resiva inakuzwa mara mbili, sauti inapasuka hata volyumu ikiwa chini na watu wanasema sindano mbovu!

Kwa hiyo kama resiva yako ina tundu la PHONO weka swichi PHONO, kama haina weka LINE na uchomeke AUX, CD au TAPE popote. Resiva nyingi za miaka ya 70 na 80 zinalo hilo tundu, na mimi kwa masikio yangu priampu ya resiva nzuri ya zamani inatoa besi iliyojaa kuliko ile ya ndani ya playa. Jaribu zote mbili uchague.

Sasa hapa ndo pananiuma, mafundi wengi wanakimbilia kufungua mashine. Kwa mjomba wangu resiva ilikuwa kimya kabisa, taa inawaka, playa inazunguka, ukisogeza sikio kwenye sindano unasikia wimbo unaimba kidogo lakini spika hakuna kitu, fundi ameshasema ampu imeungua. Kumbe kitufe cha TAPE MONITOR kimebonyezwa! Kile kikiingia ndani resiva inasikiliza deki ya kaseti tu, hata uchague PHONO hausikii chochote. Tukakitoa, spika ya kulia ikaimba, ya kushoto kimya. Hapo unabadilisha pini nyuma ya resiva, nyekundu iende kwenye nyeupe na nyeupe kwenye nyekundu, ukimya ukihamia spika ya pili shida ni playa au waya, ukibaki palepale shida ni resiva au spika. Ulibaki palepale. Resiva ikazimwa, tukapuliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye lile tundu na kwenye swichi ya kuchagulia, tukaizungusha huku na huku mara nyingi, kushoto pakarudi. Ingekuwa upande wa playa ningeangalia kwanza ile jeki ndogo ya milimita 3.5 nyuma yake, isipoingia mpaka mwisho upande mmoja unapotea.

Mvumo je? Playa hii haina mahali pa waya wa etha, ule wa ardhi, kama ilivyo playa yao nyingine AT-LP120X, usiutafute. Isogeze mbali na resiva, hasa usiiweke juu yake maana transfoma ipo hapo chini, na waya wa sauti usipite sambamba na wa umeme.

Sahani isipozunguka ukiwa umeifungua tu kwenye boksi, mkanda haujavishwa kwenye puli ya mota, uvute kwa ule utepe mwekundu kupitia tundu la sahani.

Nisichokipenda, uzito wa sindano huwezi kuurekebisha na katriji hubadilishi, unabadilisha sindano tu. Inapiga 33 na 45 basi, kwa singo zetu zenye tundu kubwa katikati adapta yake imo kwenye boksi, lakini wenye santuri za babu za 78 tafadhali msijaribu, spidi hiyo haina na sindano yake siyo ya mifereji ile.

Na mnaoagiza kutoka Marekani someni adapta ya umeme kabla ya kuchomeka, kama imeandikwa 100-240V sawa, kama ni 120V tupu tafuteni nyingine ya volti 12 DC yenye ampea za kutosha na pini inayolingana, umeme wetu wa 230 utaiua palepale.