Shanta la kilo sita kwa Mlima Kenya: nini kinunuliwe kwanza

Tuseme safari ni ya siku nne kwa njia ya Sirimon. Unalala kambi ya mabanda ya Old Moses, mita 3,300, kisha ya Shipton's, mita 4,200, halafu unaamka usiku kupanda Point Lenana, mita 4,985. Kilo sita ni mzigo wote ukiondoa chakula, maji na gesi. Wapandaji wa Marekani huweka mpaka wa uzito mwepesi kabisa kwenye kilo 4.5, lakini hesabu hiyo ni ya njia za kiangazi. Shipton's maji huganda kwenye chupa, na ile kilo moja na nusu ya ziada karibu yote ni vitu vya kukutia joto.

Kabla ya duka lolote, nunua mizani ndogo ya jikoni. Pima kila kitu na uandike gramu. Wengi hugundua hapo kwamba taulo na jinzi peke yake vimefika kilo moja na nusu. Kuviacha nyumbani hakugharimu kitu.

1. Mfuko wa kulalia

Pesa nyingi iende hapa. Chaguo la kwanza ni mfuko wa manyoya laini ya bata, hata wa mtumba, mradi umekaguliwa vizuri. Ule wa kukutosha kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri huwa na gramu 900 hadi 1,100. La pili ni huohuo ukiwa mpya, ambao tatizo lake ni bei tu. La tatu ni mfuko wa nyuzi za poliesta: joto lilelile, lakini kilo 1.7 au zaidi, na unajaza nusu ya shanta. Hata hivyo, ukienda Aprili au Novemba, wakati wa mvua, chukua wa poliesta. Manyoya yakilowa hugandamana, na joto lote linakwisha.

Lebo yenye ISO 23537 au EN 13537, yaani viwango vya kupima joto la mifuko ya kulalia, huwa na namba kadhaa. Soma ile ya "comfort", yaani baridi ambayo bado utalala vizuri. Muuzaji atakuonyesha "extreme", kwa sababu inasomeka vizuri: −20! Hiyo ni namba ya kunusurika, si ya kulala.

Ukiwa kwenye masoko ya mtumba, kama Gikomba na Toi za Nairobi au Memorial kule Moshi, ukague hivi. Ukung'ute, uutandaze, usubiri dakika kumi na tano. Ukibaki bapa kama shuka, manyoya yamekufa. Kisha washa tochi ya simu, iingize ndani na utazame kwa nje: kila chumba cha mshono kionyeshe kivuli kilichojaa. Mwanga ukipenya wazi mahali, hapo baridi itapita, na kwa kawaida ni kifuani au miguuni. Madonge madogo yanayovunjika ukiyasugua kwa vidole yanaweza kurekebishwa kwa kuufua polepole na kuukausha siku mbili au tatu huku ukiyavunja. Harufu ya ukungu haitoki, uache. Zipu ifungue na kuifunga mara tano, pande zote mbili.

2. Koti la mvua

Hapa ndipo mtumba hudanganya zaidi. Koti linang'aa nje, jina ni kubwa, bei ni nzuri, lakini utando wa ndani unaozuia maji umeoza kwa joto na unyevu wa miaka mingi ya kuhifadhiwa vibaya. Ligeuze ndani nje. Pitisha ukucha kwenye utepe unaofunika mishono ya mabega: ukibanduka kama ngozi ya kitunguu, mshono huo utavuja. Sugua kitambaa cha ndani. Ukiona unga mweupe au vidole vikinata, lirudishe kwenye rundo. Kipimo cha mwisho ni kumwaga maji kidogo kwenye bega, kukunja kitambaa kiwe kama kikombe na kusubiri dakika tano: yakipenya, liache.

Mpangilio wetu: koti jepesi jipya la gramu 250–350 kwanza, poncho ya nailoni pili, maana inafunika na shanta pia, ila upepo wa juu ya Shipton's huipeperusha kama tanga, koti zito la mtumba tatu. Suruali ya mvua usiiache.

Nguo za joto, kinyume chake, nunua mtumba bila wasiwasi. Sweta la flisi halina utando wa kuoza. Pamba usiichukue kabisa, hata fulana: ikilowa jasho haikauki.

3. Mkeka

Tafuta namba ya R, inayoonyesha jinsi mkeka unavyozuia baridi ya ardhini. Kwa Shipton's isipungue 3. Wa kujaza upepo wenye R 3–4 una gramu 400 hadi 500, ila jiwe moja linautoboa, kwa hiyo beba viraka. Wa povu gumu una R karibu 2, hautoboki na ni wa bei nafuu. Namba za R hujumlishwa, kwa hiyo povu jembamba chini ya ule wa upepo hufanya kazi vizuri. Mkeka wa yoga ni mzito na joto lake ni dogo.

4. Jiko na chupa

Jiko dogo la kukazwa kwa kuzungusha juu ya kopo la gesi, gramu 80–100, na sufuria moja. Gesi haipandi ndege, inunue mjini. Kwenye mita 4,000 maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, kwa hiyo maharage hayataiva hata ukiyakesha. Beba tambi za haraka na unga wa uji. Ile mbinu ya kubeba chupa za maji za kutupwa kwa sababu ni nyepesi haifai hapa: tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya. Nunua chupa mbili ngumu za lita moja.

Ukilala kwenye mabanda, huna haja ya hema. Ukitaka hema, la watu wawili lisizidi kilo 1.8, mgawane.

5. Shanta, mwisho

Wengi huanza na shanta, wakanunua la lita 70 lenye kilo 2.3 likiwa tupu, kisha wakalijaza kwa sababu lina nafasi. Nunua vingine vyote, uvitie kwenye kiroba, uende navyo dukani. Lita 45 hutosha, gramu 800–1,100. Lisilo na fremu linafaa mzigo usiozidi kilo 9, chakula na maji vikiwemo. Zaidi ya hapo mabega yataumia. Pima mgongo kuanzia mfupa unaochomoza shingoni hadi usawa wa juu wa nyonga, ulinganishe na saizi ya shanta. Lijaze palepale, funga mkanda wa kiunoni, tembea dakika kumi. Muuzaji akikukataza kulijaza, nenda duka la pili.